Funga Mlango Unapotoka

4 Februari

Mdogo wangu,

Usishtuke kuona karatasi. Simu ninayo, ila chumba cha mpwa wako na sebule vimetenganishwa na ukuta mwembamba, na tangu alale pale hana lingine ila kusikiliza. Nikishusha sauti tu, anajua namsema yeye. Basi nimerudia kalamu. Nilipanga barua za watu pale posta mpaka nikastaafu, sikudhani nitakuja kuandika ya namna hii.

Hospitali walitupa ruhusa wakisema mfupa wa shingo umeshika vizuri. Umeshika, ndiyo. Kichwa anakigeuza. Bega la kulia linapanda kidogo, kama mtu anayesema "sijui." Kuanzia hapo kwenda chini hakuna kinachoitika, mikono wala miguu. Muuguzi wa nyumba ya pili hupita asubuhi kabla ya zamu yake, tunamgeuza pamoja; saa nyingine zote ni mimi. Vidonda vya kulalia tumevidhibiti. Chakula ndicho kinachonitoa jasho. Tangu Jumapili kijiko kikifika anafunga mdomo. Hagombi, halii. Anafunga tu na kunitazama.

Unajua alivyokuwa. Mtoto wa kike anapanda minara ya simu mpaka kileleni, wanaume wako chini wanamshikia kamba, wakambandika jina la Kima na yeye akacheka. Jioni akirudi, miguu juu ya kochi, kitabu usoni, humsemeshi. Nikasema nimsomee. Kile alichokuwa nacho siku aliyoanguka kilikuwa bado mkobani, hadithi ya yule mpelelezi mjane anayewinda wauaji na wanaume kwa zamu. Nimemsomea mpaka sauti ikanikauka. Kuna mahali niliruka, maana yapo mambo ambayo mama hamsomei mwanawe mchana kweupe. Sasa tumefika pasipoendeleka. Kurasa za mwisho zimechanika.

Wewe ni mkutubi, vitabu vinapita mikononi mwako kutwa. Nitumie vya kutia moyo, vya watu waliopata mitihani wakashinda. Maji yamenifika shingoni, mdogo wangu, na huyu ndiye niliyebakiwa naye.

Anakusalimu sana. Anasema anakukumbuka.

Dada yako


15 Februari

Dada,

Barua yako niliisoma nimesimama kaunta, mwanafunzi mmoja ananyoosha kitabu nimgongee muhuri, nikagonga mkono wake.

Vitabu vya kutia moyo situmi, niwie radhi. Mpwa wangu namjua. Ukimpa kitabu cha mtu aliyeshinda mitihani atakitema kama mtoto anavyotema kwinini.

Nina jambo jingine. Ipo maktaba ya mtandaoni, ya watu ambao maandishi ya karatasi yamewashinda. Hapa chuoni nimewaandikisha wawili, mmoja haoni, mwingine herufi zinamrukaruka tangu shule ya msingi na walimu walimwita mvivu. Humo vitabu ni vingi ajabu, na riwaya si haba. Mtu akitaka anasikiliza kikisomwa. Akitaka kusoma mwenyewe, maandishi yanajitokeza kwenye simu na kuteremka taratibu bila kuguswa. Na simu siku hizi inatii sauti. Ukiiambia fungua, inafungua. Ukiiambia andika, inaandika unachosema.

Wanachodai ni cheti cha daktari kwamba huyu hawezi kusoma kama wengine. Kamwone yule aliyemtibu, akiandike, nitakituma mimi.

Halafu, dada. Kurasa zimechanika vipi? Kitabu kile nilimnunulia mimi, kipya.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Nilijua tutaaibika. Mwanangu si kipofu, na nilikwambia moyoni ingawa sikuandika. Daktari aliandika alichokiona: macho mazima. Basi nao maktaba wamejibu kwa mistari miwili kwamba mwombaji anaona vizuri, hahusiki na huduma yao. Nilimsomea majibu nikijitia kucheka. Hakucheka. Akasema, "Hata vipofu wamenikataa."

Anakula vijiko viwili, vitatu, kisha anafunga. Shavu limeingia ndani. Jana wenzake wa kazini walikuja, wakasimama mlangoni na kofia zao za plastiki mikononi, hawajui wazitazame kuta au wamtazame yeye. Mmoja akatoka nje kulia. Yeye ndiye aliyesema, "Mfuateni mwenzenu."

Vitabu vimezeeka, hilo ndilo naweza kukwambia kuhusu kurasa.

Amependa akuandikie mwenyewe. Nimemwandikia kama alivyosema, haya hapa:

"Mjomba mpendwa, shikamoo. Mimi sijambo na ninamshukuru Mungu kwa kila jambo. Mama ananitunza vizuri sana. Nakushukuru kwa jitihada zako kuhusu maktaba, lakini usijisumbue zaidi kwani hapa nimeridhika. Nawatakia nyote afya njema. Wako mtiifu, mpwa wako."

Dada yako


20 Machi

Dada,

Tangu lini Kima akawa mtiifu? Maneno yale ni ya posta. Sikulaumu, ila usidhani sikuona.

Sasa sikiliza. Niliwapigia maktaba, wakanizungusha, nikapiga tena, nikampata mama mmoja mwenye sauti ya ukali. Nikamwuliza, "Wewe kitabu unakisoma kwa macho tu?" Akasema, "Kwa kitu gani kingine?" Nikamwambia akiweke mezani, akalie mikono yake yote miwili, kisha afungue ukurasa wa kwanza. Nikasikia makaratasi yakifunuliwa. Kumbe alikuwa anatafuta kanuni zao. Akarudi amepoa: asiyeweza kushika kitabu wala kufunua kurasa anahusika tangu zamani, imeandikwa, ila aliyepokea cheti aliishia kwenye neno "macho." Ameomba radhi. Ameniomba daktari aongeze mstari mmoja kuhusu mikono. Daktari nimezungumza naye, ameongeza. Mpwa wangu ni msomaji wao kuanzia jana.

Kwenye kifurushi hiki kuna kishikio cha simu, kibane kwenye reli ya kitanda, kioo kiwe usawa wa macho yake. Visikilizio ni vya masikioni. Nimeweka na simu, nimekwisha kuiandaa, itamsikiliza yeye.

Ombi moja, nalo ni gumu kwako. Ukishamtayarishia, toka. Funga mlango unapotoka. Usirudi mpaka aite.

Mdogo wako


6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Makosa ya herufi ni ya simu, usinihukumu. Nikisema Kima inaandika "lima." Nikiikemea inaandika na makemeo.

Mama ametoka. Amefunga mlango. Yuko nyuma yake, nasikia kandambili zake hazijaondoka, lakini amefunga. Mara ya kwanza mlango ule ulipofungwa na mimi nikiwa ndani peke yangu nililia mpaka visikilizio vikaloa. Tangu nianguke sijawahi kuwa peke yangu na kitu chochote, hata na wazo. Nikitaka kujikuna pua naita mtu. Nikitaka kukuambia neno, linapita kwanza mkononi mwa mama na kupigwa pasi.

Ile barua ya "wako mtiifu," unataka kujua nilisema nini? Nilisema: Mjomba, niombee nife upesi, na maktaba usituletee. Basi. Akaandika muda mrefu kuliko nilivyosema, nikajua kuna mtu mwingine anazaliwa pale kwenye karatasi.

Na kusoma je! Alikuwa akiruka. Nasikia kurasa mbili zikifunuliwa pamoja, sauti inapanda kama mtu anayevuka mtaro, halafu mpelelezi aliyekuwa chumbani na mwanamume anajikuta sokoni amevaa viatu. Ningecheka kama ningekuwa na tumbo la kuchekea.

Nimejifunza haraka. Sitaki kusomewa, nataka kusoma, kwa hiyo natazama mistari inavyoteremka, nikichoka macho ndipo naiambia isome. Kitabu cha kwanza nilichokitafuta humo ni kile kile cha kurasa zilizochanika. Nimekimaliza. Unakumbuka mwisho? Mzee aliyelala kitandani miaka mingi, na anayemuua si mwanawe wa kambo wala mganga. Ni mke wake, aliyekuwa akimlisha na kumwosha. Kwa mto.

Sasa najua kwa nini zimechanika. Mama anadhani nikisoma vile nitamwogopa. Simwogopi, Mjomba. Kama angekuwa yule mke, ningemshukuru.

Haya ni yako peke yako. Ni siri yangu ya kwanza tangu mnara ule unibwage, na ajabu ni kwamba imekufikia kwa mtandao wa mnara ule ule, umesimama nje ya dirisha kama haujui kitu. Usimwambie mama. Ukimwambia utakuwa umenifungulia mlango.

Kima


8 Aprili

Dada,

Ningepiga simu, ila umeniambia ukuta ni mwembamba.

Ameniandikia. Ameniomba nisikwambie, na sijalala vizuri tangu hapo. Anasema amesoma mwisho wa kile kitabu. Anasema kama ungekuwa yule mke, angekushukuru. Hayo ni maneno yake, sikuongeza wala kupunguza.

Sijui la kufanya, niko mbali, mikono yangu ni mifupi. Mwite muuguzi, mwite daktari, wamletee mtu anayetibu mambo ya moyo na akili. Usimwache peke yake muda mrefu. Na tafadhali asijue kama ni mimi.

Mdogo wako


17 Aprili

Mdogo wangu,

Simu nimeiondoa.

Aliniuliza, "Mjomba amekwambia?" Nikaendelea kulegeza kishikio. Akasema, "Basi," akageuza uso ukutani.

Maktaba yako hiyo ndiyo iliyomsomesha yale niliyokuwa namkinga nayo. Daktari wa akili amekuja, ameketi naye, ametoka akasema hakupata hata neno moja.

Dada yako


25 Aprili

Dada,

Mrudishie. Nakusihi.

Mimi ndiye mkosaji, si simu. Nilipewa siri ya kwanza ya mtu asiyekuwa na kitu kingine cha kushika, nikaipeleka mbio mpaka kwako kwa sababu niliogopa kubaki nayo peke yangu. Lakini na wewe fikiri. Alikuwa na mahali pamoja tu pa kuwa mtu mzima, penye mlango, na sisi ndugu wawili tumepang'oa.

Kama hutaki kuandika, nitumie hata bahasha tupu nijue yu hai.

Mdogo wako


19 Mei

Mdogo wangu,

Barua zako zote nimezipata, hata ile ya kunifokea. Yu hai.

Simu niliiweka jikoni, kwenye droo ya vijiko; ilipolilia chaji niliichomeka usiku, sijui kwa nini. Siku zote hizo hakusema nami. Akawa anakula, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Anafungua mdomo, anameza, anafungua tena, kama kinu cha kusagia ambacho hakijali kinachotiwa. Nilitamani agome.

Juzi nikitafuta mwiko vidole vikakigusa kioo, simu ikaanza kusema. Mwanamke mwenye sauti nzuri, anasoma bila haraka. Sikujua pa kuzimia. Nikasimama pale mpaka sufuria ikaungua. Alikuwa yule yule mpelelezi mjane, ila kisa kingine. Nilipovaa miwani nikaona vitabu alivyojipakulia, vimejipanga: cha pili, cha tatu, na cha nne ameweka ombi kwamba kikishaandaliwa apewe. Nikajiuliza, mtu anayetaka kufa kabisa, kabisa, anaweka ombi la kitabu ambacho hakijawa tayari?

Nikaanza kukisikiliza. Nikasikiliza na yale mambo ya chumbani. Yamekaa vizuri tu, mimi niliyaruka kwa haraka yangu.

Sasa nikueleze kurasa, maana umeniuliza mara moja na hukurudia. Nilizichana mimi. Kila nilichotaka kumsomea nilikuwa nakipima kwanza peke yangu. Nikafika pale kwa yule mke na mto. Sikumchukia, mdogo wangu. Nilimwelewa. Nilielewa mpaka alivyoukung'uta ule mto akaulainisha kabla. Kulikuwa na siku moja, mwanangu amenitazama tangu asubuhi kwa yale macho ya kuomba, nami nimeshika mto wake mkononi, nimetoka kuuanika, una joto la jua. Nikauweka chini. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi ya nyuma. Nilipoyakuta yale yale kitabuni nikazichana nikazitia motoni. Si kwa kumkinga yeye. Niliona mtu ameniandika.

Basi juzi nimeingia na simu, nikaibana mahali pake. Nikamwambia, "Kurasa nilizichana mimi."

"Najua."

"Unajua na kwa nini?"

"Uliogopa nitakuogopa."

"Nilijiogopa mimi."

Akageuza kichwa kutoka ukutani, mara ya kwanza. Akanitazama kama anayepima urefu wa mnara. Akasema, "Ulifika wapi?"

"Nilifika kitandani kwako na mto mkononi. Nikaondoka."

"Na mimi nilikuwa nakuomba."

"Niliona."

"Na wewe kesho yake ukaniletea supu."

"Na nitakuletea tena."

"Hata nikikuchukia?"

"Nichukie ukiwa umeshiba."

Akacheka. Si kicheko cha kukusimulia, kilitoka kama kikohozi, kikageuka kilio, nami nikalia, ila ilibidi nimfute yeye kwanza kwa kuwa yangu yangeweza kungoja. Tukakubaliana. Asinifiche siku zile mbaya, na mimi nisimnyang'anye kitu. Daktari wa akili anakuja kila wiki, sasa anapata maneno mpaka anaomba apumzike. Mlangoni nabisha hodi, kwenye nyumba yangu mwenyewe. Akisema "bado," naondoka.

Siku mbaya zipo. Nyingi.

Mimi mzima, mgongo unanisumbua kidogo tu.

Dada yako


11 Juni

Mjomba,

Sijakusamehe. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia.

Mama alikwambia mgongo unamsumbua kidogo? Ameanguka. Muuguzi amebadilishiwa zamu wiki hii, mama hakumwomba mtu, akaamua kunigeuza peke yake. Nikasikia kitu kinalia mgongoni mwake, sauti ninayoijua, kama kamba nene inavyokatika juu ya mnara. Akashuka. Sikumwona. Aliniacha nimelala ubavu, uso ukutani, pua imegusa rangi, na mama yuko chini nyuma yangu.

Nikasema, "Mama."

"Nipo."

"Inuka."

"Nakuja."

Hakuja. Nikangoja. Nikamwita tena, akasema tena nakuja, safari hii kwa sauti ya mtu anayeongea usingizini. Nilijaribu kugeuka, Mjomba. Najua sigeuki. Daktari ameniambia, mwili wangu umeniambia. Nilijaribu hivyo hivyo, kwa meno, kwa bega lile moja, na ukuta ukabaki pale pale mbele yangu.

Simu ilikuwa kwenye kishikio, nyuma ya kisogo. Nikaipigia kelele. Sauti ilikuwa inatetemeka, haikunitambua. Nikasema mpigie muuguzi, ikanijibu hakuna jina "muungwana." Nikasema tena, ikanifungulia kitabu. Yule mwanamke akaanza kunisomea taratibu, na mama anapumua kwa shida sakafuni. Sijawahi kuchukia sauti ya mtu kama siku ile. Nikameza hofu, nikaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari, neno kwa neno. Ikapiga.

Muuguzi alikuja na mafundi wawili wa gereji ya kona, mikono ina oili, wakambeba juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba. Hospitali wamesema kuna kitu kimehama kati ya pingili za mgongo, asinyanyue hata ndoo mpaka mwezi uishe. Kesho yake nikamwona anajaribu kuninyanyua kichwa ili anibadilishie mto.

Usijiulize ingekuwaje kama simu ingekuwa bado kwenye droo. Mimi najiuliza vya kutosha kwa ajili yetu wote.

Mchukue. Njoo umchukue akalale kwako mpaka mgongo ushike. Atakataa, mwongopee, mwambie unaumwa. Wewe mambo ya watu unajua kuyapeleka. Muuguzi amenitafutia msaidizi anayefanya kazi ya kutunza wagonjwa majumbani, na muuguzi mwenyewe atalala hapa. Mgeni atanivua nguo, Mjomba. Ataniosha. Nilikaa siku nzima nikitafuta namna ya kulisema hilo kwa sauti. Nimelisema. Nimekubali.

Kima


12 Juni

Mpwa wangu,

Nimepata ruhusa kazini. Nakuja Ijumaa na basi la asubuhi.

Sitamwongopea. Nitamwonyesha barua yako kama utaniruhusu. Nijibu ndiyo au hapana, na ikiwa hapana nitatafuta njia nyingine.

Kuhusu lile jambo. Ulipoandika Aprili kwamba ungemshukuru yule mke, nilisoma nikiwa ofisini, nikafunga kaunta mapema. Hata leo sidhani kama ningeweza kukaa kimya. Lakini nilipaswa kukuambia wewe kwanza: nitasema, na nitasema leo, nikasirikie. Badala yake nikapita mlango wa nyuma kama mwizi. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba nitatunza kila siri. Naahidi kwamba sitapita tena nyuma yako. Ukiniandikia unataka kufa, nitakujibu hapo hapo kwamba nampigia mama yako, halafu nitampigia.

Usinisamehe haraka. Nitaleta visikilizio vipya.

Mjomba wako


Jibu limefika kwa simu, siku hiyo hiyo:

Ndiyo. Mwonyeshe.


28 Juni

Mama,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako maishani. Hukuwahi kuwa mbali kiasi hiki. Mjomba atakusomea huko kwake ukitaka, ila usikubali aruke mahali.

Msaidizi ana mikono baridi na anaimba puani nyimbo asizozijua maneno. Siku ya kwanza alinigeuza vibaya, nikamtukana, akanitukana na yeye, kisha tukatazamana tukaona tutaelewana. Ananiita "bosi." Supu yake haina chumvi. Hayo ndiyo mapungufu yake, usiyaongeze.

Tulikubaliana nisikufiche. Siku nne zilizopita, asubuhi, nilitaka kufa. Alikuwa ananiosha, akaunyanyua mkono wangu mpaka mbele ya macho yangu ili afute kwapa, nami nikautazama mkono ule, kucha zake ndefu, sikuuhisi, kama umeletwa kutoka nyumba nyingine. Lile jambo likanijia lote, zito kama siku za mwanzo. Nikamwambia aniache. Nikamwambia na kwa nini, kama daktari alivyonifundisha nimwambie mtu. Hakukimbia. Akanifunika, akavuta kiti, akasema atakuwa pale, na kama sitaki kuongea yeye ana nguo za kukunja. Akakunja nguo. Sikupona. Lilipungua tu, kama maumivu ya jino mtu akishika shavu.

Nilikuwa bado hivyo hivyo mchana, simu ikaita. Yule mama mkali wa maktaba, yule ambaye Mjomba alimkalisha juu ya mikono yake. Wiki iliyopita nilimwandikia kumlalamikia kwamba kitabu kimoja kina makosa kila mstari. Nilidhani amepiga kunijibu jeuri. Akasema vitabu vinapigwa picha, mashine inageuza picha kuwa maandishi, na mashine haina akili, lazima mtu asome nyuma yake na kurekebisha, na watu hao hawatoshi. Akaniuliza kama nina nafasi.

Nafasi, mama! Nikacheka mpaka msaidizi akaangusha nguo. Nikamwambia, mimi ninachokosa ni mengine yote, nafasi ninayo.

Amenitumia kitabu cha ufugaji wa nyuki. Si mpelelezi, wala hakuna hata mwanamume mmoja ndani yake. Mashine imeona "nyuki" ikaandika "nyoka," kitabu kizima. Nyoka wakiwa wakali wapulizie moshi kidogo. Usivae nguo nyeusi unapofungua mzinga wa nyoka. Nasoma, nikikuta kosa nalisemea simu, nayo siku nyingine inaleta makosa yake juu ya yale, tunabishana. Inakwenda polepole mno. Jana nimemaliza kurasa tatu na shingo ikawa inaniwaka moto.

Lakini kuna mtu anakingoja. Mfugaji mzee, macho yamezimika, mizinga yake bado ipo na anaogopa kuifungua kwa kukisia. Anapiga maktaba kila Jumatatu kuuliza kimefika wapi. Yule mama amemwambia kipo kwa msahihishaji. Msahihishaji ndiye mimi.

Sitakudanganya kwamba kesho sitataka tena kufa. Huenda nikataka. Ila usirudi kwa ajili hiyo. Lala. Mgongo ukisema bado, usikilize.

Na ukipiga simu, piga jioni. Mchana niko kazini.

Mwanao,
Kima